Kila Mwamba na Samaki Wake

Ufukwe wa magharibi wa Ziwa Victoria, kuanzia rasi ya Rubafu kaskazini mwa Bukoba hadi visiwa vya Muleba upande wa kusini, ni ufukwe wa majabali. Mawe ya mchanga yamesimama wima juu ya maji kama kuta, na mbele yake vimepangika visiwa: Musila kinachoutazama mji wa Bukoba, Bumbire kilicho kirefu na kikubwa, Kerebe, Ikuza, na Goziba kilichoko mbali katikati ya maji. Mawe hayo ni ya kale mno, ya mamia ya mamilioni ya miaka, na wanajiolojia walipoyachunguza waliyapa jina la mji uliokuwa karibu. Ndiyo maana jina la Bukoba limo katika vitabu vya miamba vinavyosomwa na watu wasiowahi kufika Kagera.

Majabali hayo hayaishii kwenye uso wa maji. Yanashuka chini yakiwa na nyufa, mapango na vifusi vya mawe, kisha yanakatika ghafla na kuacha ghuba ya mchanga mweupe, kisha matete na mafunjo, kisha mwamba tena. Mvuvi wa Kemondo au Magarini hahitaji kufundishwa kwamba kila sehemu ina wenyeji wake. Kwenye matete hutafutwa kamongo na kambare. Mchangani, zamani, palitegwa ngege. Maji mapana na yenye kina ni ya dagaa na sangara. Na kwenye miamba wanaishi samaki wadogo wenye rangi kali, ambao wavuvi wa upande wa Mwanza huwaita mbipi, jamaa wa ukoo mkubwa wa furu.

Furu hao ndio kiini cha historia hii, ingawa bei yao mwaloni haijawahi kuwa kubwa.

Watu wa Pwani wana miamba ya matumbawe, na samaki wake hutofautiana pia: anayevua changu na tasi Mafia atakuta mchanganyiko mwingine akienda Pemba au Chumbe, kutegemea kina, mkondo wa maji na hali ya matumbawe. Lakini baharini mayai na vichanga vya samaki wengi huchukuliwa na maji kwa siku au wiki kadhaa kabla ya kutua, hivyo pono aliyezaliwa mwamba mmoja anaweza kukulia mwamba mwingine wa mbali. Ziwani mambo ni kinyume kabisa. Furu hazai vichanga vya kuchukuliwa na mkondo.

Jike hutaga mayai machache, mara nyingi makumi tu, kisha huyaokota yote kinywani. Dume ana madoa ya manjano kwenye pezi la chini, yanayofanana sana na mayai. Jike anapojaribu kuyaokota na hayo, mbegu za dume huingia kinywani na kuyarutubisha mayai. Kwa wiki mbili hadi tatu mama huyo hukaa na taya zilizovimba, akiyageuzageuza mayai ili yapate hewa, bila kula au akila kwa shida. Vifaranga vinapotoka hukaa karibu na kichwa chake, na hatari ikitokea hurudi mbio kinywani. Vikikua, huhamia ufa wa jirani. Kwa samaki wa miamba, kilomita chache za maji ya kina au ghuba ya mchanga isiyo na pa kujificha ni mpaka usiovukika kirahisi. Ndiyo sababu visiwa viwili vinavyoonana kwa macho vinaweza kuwa na furu wanaofanana umbo lakini wenye rangi tofauti, au kimoja kikawa na aina ambayo kingine hakina kabisa.

Ajabu zaidi ni jinsi tofauti hizo zilivyotokea upesi. Udongo uliochimbwa chini ya ziwa ulionyesha kwamba Ziwa Victoria lilikauka mwishoni mwa enzi ya barafu na kujaa tena takribani miaka 15,000 iliyopita. Katika muda huo, ambao kwa mawe ya Bukoba si kitu, zilizuka aina za furu zaidi ya 500. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2017 ulieleza chanzo kimojawapo: mababu wa samaki hao walitokana na koo mbili zilizokutana na kuzaana, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile. Katika uzao huo wakapatikana wakwanguaji wa mwani juu ya mawe, wavunjaji wa konokono, wala wadudu, wawindaji wa samaki wenzao, na hata wale wanaoishi kwa kunyonya mayai na vifaranga kutoka vinywani mwa mama wengine.

Binadamu nao walifika mapema. Huko Katuruka, karibu na Maruku, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua mabaki ya uhunzi wa chuma na vyungu vya aina ya Urewe vya zaidi ya miaka 2,000. Jamii iliyokuja kuwa ya Wahaya ilijulikana zaidi kwa migomba na ng'ombe kuliko uvuvi, lakini ziwa lilikuwa na heshima yake. Mugasha, mwenye mamlaka juu ya maji na dhoruba, alitajwa kwa uzito katika masimulizi ya Buhaya, na jirani zao wa visiwa vya Sese walimheshimu kwa jina la Mukasa. Hakuna aliyeingia ziwani akidhani maji hayana mwenyewe.

Chombo cha watu hao kilikuwa obwato, mtumbwi wa mbao zilizoshonwa. Gogo moja lilichongwa kuwa mkuku. Mbao za ubavuni zikatobolewa matundu pembeni, zikaunganishwa kwa kamba za nyuzi za miti, na mianya ikazibwa kwa nyuzi na magome. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Mtumbwi wa namna hiyo ulipinda kidogo na wimbi badala ya kupasuka, na uliweza kubeba wapiga makasia wengi kati ya Buganda, Sese, Bumbire na pwani ya Buhaya. Uvuvi wenyewe ulikuwa wa migono iliyofumwa, ndoano, na uzio wa mafunjo uliokokotwa ufukweni. Zana hizo zilikuwa za mahali maalumu: mgono wa mtoni haukufaa mwambani, na uzio wa mafunjo ulihitaji ghuba ya mchanga. Kwa hiyo hata bila sheria iliyoandikwa, hakuna zana iliyoweza kulivua ziwa zima kwa wakati mmoja.

Mzungu aliyeviingiza visiwa hivi katika magazeti ya dunia alifanya hivyo kwa damu. Aprili 1875 Henry Morton Stanley, akisafiri na mashua yake Lady Alice kutoka Buganda kuelekea Usukuma, alisimama Bumbire kutafuta chakula. Wenyeji waliikokota mashua nchi kavu na kuchukua makasia. Yeye na watu wake wakaponyoka kwa kupiga maji kwa mbao zilizong'olewa ndani ya mashua. Agosti mwaka huo huo alirudi na kikosi chenye bunduki akaua makumi ya watu waliokuwa ufukweni na mikuki na mishale. Habari hiyo ilizua lawama kali hata Uingereza. Bumbire ingestahili kukumbukwa kwa mengine, lakini kwa miaka mingi vitabu vya wageni viliijua kwa mauaji hayo tu.

Mwaka 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba. Alifuatana na Franz Stuhlmann, aliyekusanya wanyama na mimea popote walipopita, na mwaka 1896 Georg Pfeffer wa Hamburg alichapisha maelezo ya samaki wa Afrika Mashariki, wakiwemo furu wa ziwa hili. Mwanzo wa elimu hiyo ulikuwa samaki waliokufa ndani ya chupa za pombe kali, rangi zikiwa zimeshatoka. Kwa furu huo ni upungufu mkubwa, kwa sababu mara nyingi rangi ya dume ndiyo inayotenganisha aina na aina.

Mageuzi makubwa ya uvuvi yaliletwa na reli. Ilipofika Kisumu mwaka 1901, samaki wa ziwa walipata soko la mbali, na mwaka 1905 nyavu za makila za uzi wa kitani zikaanza kutumika upande huo. Ngege, samaki mtamu kuliko wote kwa maoni ya wazee wengi wa kandokando ya ziwa, alikamatwa kwa wingi mno. Baada ya miaka ishirini hivi mavuno kwa kila wavu yakashuka, na serikali za kikoloni zikamwita mtaalamu wa uvuvi Michael Graham, aliyefanya uchunguzi wa ziwa zima mwaka 1927 na 1928. Alishauri macho ya nyavu za ngege yasiwe chini ya inchi tano. Pia alionya kwamba kumleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka ziwa jingine ni hatari kubwa. Onyo hilo lilichapishwa mwaka 1929, likasomwa, na baadaye likapuuzwa.

Ushauri wa inchi tano ulikuwa na maana kwa ngege. Kasoro yake ni kwamba ulilichukulia ziwa kama bwawa moja. Ningu anaonyesha vizuri gharama ya mtazamo huo. Yeye anaishi ziwani lakini mvua zikija hupanda mitoni kutaga, na Mto Kagera, mkubwa kuliko mito yote inayoingia Ziwa Victoria, ulikuwa mmoja wa mito yake. Nyavu zilipowekwa kwenye midomo ya mito wakati wa mafuriko, majike wenye mayai walikamatwa kabla ya kufika walikokuwa wakienda. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa ningu ulikuwa umeanguka karibu kila upande wa ziwa. Hapo jicho la wavu halikuwa na msaada mkubwa. Swali lilikuwa wavu umewekwa wapi na mwezi gani.

Miaka ya 1950 ilileta nyavu za nailoni, zilizodumu na kukamata zaidi, na ilileta pia samaki wageni. Sato na ndugu zake walipandikizwa kufidia upungufu wa ngege. Sangara aliingizwa maji ya Uganda mwaka 1954, na akapandikizwa tena mwaka 1962 na 1963, akitoka Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Watetezi wake walitaka samaki mkubwa atakayewageuza furu wadogo wenye miba kuwa minofu ya thamani. Kwa karibu miaka ishirini hakuonekana kufanya mengi. Uchunguzi wa nyavu za kukokota wa 1969 hadi 1971 ulikuta furu bado ni zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini. Nyegezi, Mwanza, ulijengwa hata mtambo wa kuwasaga furu kuwa chakula cha mifugo.

Kisha sangara akafumuka. Kenya walimwona akijaa mwanzoni mwa miaka ya 1980, Uganda wakafuata, na katikati ya muongo huo maji ya Tanzania yakawa yake. Mkoa wa Ziwa Magharibi ulikuwa umetoka kwenye vita na Uganda vya 1978 na 1979 na kupewa jina jipya la Kagera. Watu walikuwa wanajenga upya nyumba, na ghafla ziwani kukatokea samaki wa kilo hamsini, mia, wakati mwingine zaidi. Viwanda vya minofu vilijengwa, Bukoba ikiwemo. Visiwa kama Goziba na Kerebe, vilivyokuwa kambi za msimu, vikawa na maduka, vibanda vya chakula na watu kutoka kila pembe ya kanda. Kayabo, yaani sangara aliyetiwa chumvi na kukaushwa, akasafirishwa hadi Kongo. Mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara, ambayo zamani yalitupwa, yakaja kuwa na bei kubwa kuliko nyama yenyewe kwa sababu ya wanunuzi wa China. Mapato hayo yalisomesha watoto na kujenga nyumba za bati, na si haki kuyasimulia kama hasara tupu.

Lakini chini ya maji palikuwa na msiba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa wameanza kazi Mwanza mwaka 1977 chini ya mpango uitwao HEST, Frans Witte akiwa miongoni mwao, na walikuwa bado wanahesabu na kuchora furu pale walipoanza kutoweka. Inakadiriwa aina 200 hivi zilipotea au zilibaki chache kiasi cha kutoonekana. Walioumia zaidi ni wa maji mapana na wa tope la chini, wasio na pa kukimbilia. Moja ya aina za miamba ilipewa jina la Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1985, mwaka aliong'atuka urais: dume lake ni jekundu mgongoni, lina michirizi myeusi ubavuni, na leo aina hiyo imo katika jenasi iitwayo Pundamilia.

Miamba ndiyo iliyowaokoa wengi. Sangara mkubwa hawezi kuingia ufa wa upana wa vidole vitatu, na kokoro likiburutwa juu ya majabali linachanika. Hifadhi hiyo haikutangazwa na mamlaka yoyote. Ilitokana na umbo la mahali. Mtafiti Ole Seehausen, aliyezama kwenye miamba ya kusini mwa ziwa miaka ya 1990, alipokwenda kisiwa hadi kisiwa alikuta aina nyingi ambazo sayansi haikuwa imeziandika, baadhi zikiwa za visiwa vichache tu. Kazi yake kubwa ilikuwa Mwanza, kwenye mawe ya matale, lakini kanuni aliyoiona inahusu kila ufukwe wa mawe katika ziwa hili, wa Muleba ukiwemo.

Kanuni yenyewe ni ya mwanga. Kwenye visiwa vya nje vyenye maji maangavu, kama Makobe, dume la bluu hukaa karibu na uso wa maji na dume jekundu hukaa chini zaidi, na kila jike huchagua wa rangi yake. Ndani ya ghuba ya Mwanza, penye maji ya matope kama Luanso, jike haoni vizuri tofauti ya rangi, aina mbili huzaana, na mwisho hubaki samaki wa kati wenye rangi iliyofifia. Seehausen na wenzake walichapisha hoja hiyo mwaka 1997, kisha mwaka 2008 wakaonyesha kwamba hata macho ya samaki hao yamejengeka kulingana na mwanga wa kina wanamoishi. Kwa hiyo aina ya samaki inaweza kufa bila kuliwa na yeyote. Inatosha kuchafua maji.

Na maji ya Kagera yamebeba mengi. Mto huo unakusanya udongo wa vilima vya Rwanda na Burundi pamoja na mashamba ya Karagwe na Misenyi, na kuumwaga ziwani kaskazini mwa Bukoba, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Uganda. Magugu maji yaliyolisumbua ziwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 yalishuka kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1994 mto ulileta ziwani miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda. Wavuvi wa pande za Uganda waliiopoa na kuizika, na kwa muda watu wengi kandokando ya ziwa waliacha kabisa kula samaki. Waliopitia miezi hiyo hawaihitaji historia ya kuandikwa kuikumbuka.

Kuna sehemu nyingine ambako utofauti umehifadhika, nayo ni maziwa madogo. Uganda, upande wa Masaka, Ziwa Nabugabo lilitenganishwa na Victoria kwa ukingo wa mchanga miaka 4,000 hivi iliyopita, na humo mtaalamu wa samaki Humphry Greenwood alitambua furu wa aina tano wasiopatikana kwingine. Kagera ina Ikimba, ambalo maji yake huingia Mto Ngono, na Burigi, ambalo tangu 2019 limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Watafiti wa Tanzania wameyachunguza maziwa hayo kama kimbilio la samaki wa asili, akiwemo ngege, ambaye katika Ziwa Victoria lenyewe karibu amekwisha na kimataifa ameorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kumpandikiza sangara Ikimba kwa tamaa ya mavuno ya miaka michache kungekuwa kurudia kosa ambalo kila mzee wa Bukoba amelishuhudia likitokea.

Siku hizi uzito mkubwa wa kinachovuliwa ni wa dagaa. Usiku usio na mwezi taa hutapakaa mbele ya Bukoba hadi Bumbire, zamani za karabai, sasa nyingi za sola, na asubuhi akina mama huwaanika dagaa juu ya mchanga, mawe au chanja. Sangara amepungua ukubwa na idadi, na alipopungua baadhi ya furu walirudi kuanzia miaka ya 1990. Waliorudi ni wachache kati ya waliokuwepo, na wengine wana tabia mpya: wanakula vyakula ambavyo mababu zao hawakula.

Serikali imejitahidi kwa njia yake. Operesheni Sangara ya 2018 ilichoma kwa wingi makokoro na timba, yaani nyavu za uzi wa plastiki, na kanuni zinataja inchi za jicho la makila, milimita za wavu wa dagaa na sentimita za sangara anayeruhusiwa kuvuliwa. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali, BMU, viko kwenye mialo na vina watu wanaozijua ghuba zao vizuri: wanaoweza kuonyesha mahali sato anapochimba viota, mwezi ambao kambare hupanda mtoni, jabali lenye furu na lisilo nao. Ujuzi huo bado haujawa sehemu ya hesabu. Timba inaweza kutegwa ubavuni mwa jabali, mahali ambapo kokoro halifiki, na hapo kinga ya kale ya mwamba inapungua. Visiwa vya Rubondo, jirani wa Muleba upande wa kusini, vina hifadhi ya taifa tangu 1977 na maji yanayovizunguka yanalindwa. Miamba ya Bumbire, Musila na Kerebe haina ulinzi wa aina hiyo. Na katika takwimu za mavuno, ambamo sangara, sato na dagaa kila mmoja ana safu yake, samaki wote wa miamba, wa mchanga na wa kina, wa kisiwa hiki na kile, wa bluu na wekundu, huandikwa kwa kilo katika safu moja: furu.